Ukikaa bila maji, jeni za kwenye ubongo zinafanya nini hasa? (uzi mrefu kiasi)

BintiWaMaabara

Wasee habari zenu. Kuna fowadi inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, nimeipata kwa grupu ya chama, ya kanisa na hata ya ploti yetu, ati ukikosa maji siku moja "DNA ya ubongo inabadilika na hairudi tena", halafu chini kabisa kuna mtu anauza mashine ya kuchuja maji. Hapo kwa mashine sitaingilia riziki ya mtu. Lakini hio ya DNA wacha tuiongee vizuri juu ndani yake kuna ukweli kidogo umekorogwa na uongo mwingi, na ule ukweli wenyewe ni mtamu kuliko fowadi.

DNA yako haibadilishwi na kiu. Ni ile ile uliyozaliwa nayo, unywe usinywe. Kinachobadilika ni jeni gani zinasomwa na zinasomwa kwa kasi gani. Kila seli iko na jeni kama 20,000 za kutengeneza protini na haizitumii zote kwa mpigo, zingine zimelala, zingine zinaenda polepole, zingine ziko mbio. Jeni ikisomwa inanakiliwa kuwa RNA, na hio RNA ndo inatumika kuunda protini. Kwa hivyo ukisikia mtafiti anasema shughuli za jeni zimebadilika, jua tu amehesabu RNA akapata ni nyingi ama ni kidogo kuliko kawaida.

Sasa kwa ubongo, mahali pa kuangalia ni padogo sana. Chini ya ubongo, kama umefuata macho kurudi nyuma, kuna mahali mishipa ya macho yote mawili inakutana na kupishana. Hapo juu yake tu kuna vifundo viwili vya seli, kimoja kila upande, vinaitwa supraoptiki, na karibu yake kuna kingine kinaitwa paraventrikula. Hio sehemu yote ni haipothalamasi. Seli zake ni kubwa kubwa kuliko majirani zao, na zina mikia mirefu inayoshuka mpaka nyuma ya tezi ya pituitari. Kazi yao kubwa ni kutengeneza homoni mbili, vasopresini na oksitosini. Vasopresini ndo inaambia figo "shikilia maji, usimwage". Ikifika kwa figo, milango midogo ya maji inaitwa akwaporini inapandishwa juu ya seli za mirija na maji yanarudi kwa damu badala ya kwenda kwa kibofu. Ndo maana mkojo wa mchana wa jua kali unatoka kidogo na rangi yake ni ya chai ya rangi.

Nani anaambia hizo seli kwamba maji yamepungua? Damu yenyewe. Maji yakipungua chumvi inakolea, na ubongo unahisi mkolezo ukipanda kwa asilimia 1 ama 2 peke yake. Kuna mzee wa Cambridge anaitwa Verney alionyesha hii kitu 1947 akitumia mbwa, akawa anaweka maji ya chumvi kwa mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani na mkojo unapungua. Akasema lazima ndani ya ubongo kuna vihisi vya mkolezo. Alikuwa sawa. Vingine viko kwa sehemu mbili ndogo ambazo hazina ule ukuta wa kuzuia vitu vya damu kuingia ubongoni, kwa hivyo zinaonja damu moja kwa moja, na hata zile seli kubwa za vasopresini zenyewe zinasinyaa kidogo chumvi ikikolea na huko kusinyaa kunazifanya zipige mawimbi ya umeme zaidi.

Nitaendelea kwa posti ya pili, chapati zinaungua.

---

Steji_ya_Roysambu

Tunangoja hapa. Mimi niko boda siku mzima kwa jua na nakunywa maji ya chupa moja tu, si ati sipendi maji, ni choo. Ukienda choo cha kulipa unaacha mteja, ukirudi msee mwingine amempakia.

---

BintiWaMaabara

Haya nimerudi.

Hapa ndo jeni zinaingia. Ile vasopresini yako ya saa hii haitengenezwi saa hii. Iko tayari, imefungwa kwa vipakiti vidogo, imehifadhiwa kwa ncha za ile mikia kule pituitari. Sisi wa Nairobi tunaelewa hii bila kufundishwa, ni kama tangi la juu ya paa: mgao ukikatika hujui mara moja juu tangi liko na maji, unaoga tu kama kawaida. Ila ukiendelea kufungua mfereji na hakuna pampu inayojaza, kuna siku utafungua utasikia hewa tu. Pituitari ndo tangi. Pampu ni jeni ya vasopresini kusomwa kule juu kwa haipothalamasi.

Kwa hivyo mkolezo ukipanda seli inafanya vitu viwili pamoja. Inaachilia homoni iliyo kwa akiba, hio ni ya dakika. Na inaanza kusoma jeni zaidi ili ijaze akiba, hio ni ya masaa na masiku. Vasopresini ikishaingia damuni haikai, ndani ya nusu saa nyingi imevunjwa, kwa hivyo mwili ukiwa bado umekauka ni lazima itolewe tena na tena. Panya wa maabara akipewa maji ya chumvi ya asilimia 2 kwa siku kadhaa akiba ya pituitari inashuka vibaya sana, na RNA ya vasopresini kule juu inapanda karibu mara mbili.

Jeni ya kwanza kuamka si ya vasopresini hata. Ni moja inaitwa c-fos. Kwa panya aliyekunywa maji vizuri huioni hapo supraoptiki, karibu sifuri. Mpe chumvi, ndani ya nusu saa RNA yake iko kila mahali. Watafiti huitumia kama alama, wakitaka kujua seli gani zimesisimka wanatafuta zile zimewasha c-fos. Protini yake kazi yake ni kushika DNA na kuwasha jeni zingine. Halafu kuna CREB3L1, hio ilielezwa 2014 na watu wa Bristol kule Uingereza, kwamba nayo inashika mwanzo wa jeni ya vasopresini na kuisukuma isomwe. Na 2015 hao hao wakaleta Caprin2, hii ndo naipenda zaidi. Caprin2 haigusi DNA kabisa. Inashika RNA ya vasopresini ambayo imeshanakiliwa, na RNA hio inaongezewa mkia. RNA nyingi zina mkia wa herufi A nyingi zimefuatana, na mkia ukiwa mrefu RNA kwa kawaida inadumu zaidi kabla ya kuvunjwa. Panya akikaushwa mkia wa RNA ya vasopresini unarefuka kabisa, watu waliona hivyo tangu miaka ya 80 lakini hawakujua nani anafanya. Maana yake seli haisomi tu jeni kwa bidii, inatunza pia nakala zisipotee. Mwili unabana matumizi mpaka huko.

Na si jeni moja ama mbili. Wakichukua supraoptiki ya panya aliyekosa maji siku 3 na kusoma RNA yote, jeni zinazobadilika ni mamia kwa mamia, zingine juu, zingine chini. Ukiangalia ni za nini, nyingi ni za kazi ya kuunda na kukunja protini na kuisafirisha, maana seli imepewa oda kubwa ghafla na lazima iongeze mafundi. Seli yenyewe inanenepa. Zile seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo, zinazoizunguka zinajiondoa kidogo, seli kubwa zinagusana. Ukiweka kipande cha ubongo chini ya darubini utaona tofauti bila kuelezwa na mtu.

Sasa niambie, hapo uharibifu uko wapi? Mimi sioni. Naona sehemu ya ubongo inafanya kazi iliyoundiwa.

---

Kevo_Umoja2

Binti swali moja tu. Kama ni panya waliosomwa, tunajuaje ni hivyo kwa binadamu? Hakuna mtu atakubali wakate kichwa chake ati ndo wahesabu RNA.

---

BintiWaMaabara

@Kevo_Umoja2 swali la haki. Kwa binadamu aliye hai huwezi, na mtu akikuonyesha grafu ya "jeni za ubongo wako baada ya kukosa maji" anakudanganya. Tunachojua kwa binadamu ni vitu viwili. Homoni kwa damu, hio inapimwa na inapanda vile ilivyo kwa panya. Halafu kuna watu waliozaliwa na hitilafu kwa jeni ya vasopresini, ni familia chache duniani lakini hitilafu zilizoandikwa ni makumi, hao wanakojoa lita kwa lita kila siku na kiu haiishi, ugonjwa hauhusiani na sukari ingawa nao unaitwa kisukari, kisukari bapa (diabetes insipidus kwa Kiingereza). Kwa hivyo jeni ni ile ile na kazi ni ile ile.

Kuna panya maarufu sana kwa hii mambo, panya wa Brattleboro, mji kule Vermont Marekani. Ilikuwa 1961, mtu anayetunza panya akaona kuna wengine chupa zao za maji zinaisha haraka na chini ya kizimba kumelowa kupita kiasi. Kumbe hawana vasopresini. Miaka ya 80 jeni yao iliposomwa ikapatikana herufi MOJA ya DNA imekosekana, moja tu, na protini yote ya mbele ikaenda kombo. Huyo panya anakunywa kwa siku maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Fikiria wewe wa kilo 70.

---

Steji_ya_Roysambu

Kilo 70 anywe lita 35?? Choo atalipa na nini huyo

---

MtuWaLodwar

Nimesoma yote. Mimi ni Mturkana, nimelelewa Lodwar, sahii niko Pipeline. Kuna kitu ilitoka mwaka jana kuhusu sisi na maji na jeni, nilisikia kwa redio lakini kwa redio walisema haraka haraka ati "Waturkana wana jeni ya kutokunywa maji". Nyanya yangu alicheka sana, akasema yeye maji anapenda ni vile hayakuwa karibu.

---

BintiWaMaabara

@MtuWaLodwar nyanya ako sahihi kuliko redio. Hio risachi ilitoka kwa jarida la Science Septemba 2025, walifanya na watu wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba Kenya) na Turkana Basin Institute pamoja na vyuo vya Marekani, na jamii yenyewe ilishirikishwa kwa miaka mingi, wazee walikaa chini na wanasayansi. Walisoma DNA yote ya watu 367. Wakapata sehemu 8 za DNA zinaonyesha alama za uteuzi wa asili, na iliyojitokeza zaidi iko karibu na jeni inaitwa STC1.

Sasa tofautisha vitu viwili hapa, na ndo fowadi inavyochanganya watu. Ile niliyoeleza juu, jeni kusomwa zaidi ukikosa maji, inatokea kwa kila mtu, inatokea ndani ya masaa na ukinywa inarudi. Hii ya Turkana ni DNA yenyewe, herufi, na haikubadilishwa na kiu ya mtu mmoja. Ni kwamba kwa maelfu ya miaka kaskazini ilipozidi kukauka, waliokuwa na herufi fulani walistahimili na wakaacha watoto wengi zaidi. Hakuna mtu alibadilika, wale waliobaki ndo walikuwa tofauti.

Lakini ona vile zinakutana: STC1 iko kwa figo, na seli za figo zikipewa ile vasopresini inayotoka kwa ubongo, STC1 inasomwa zaidi. Yaani ubongo unatuma homoni, na kule figo kuna jeni inaitika. Wanadhani inasaidia kubana maji na pia kulinda figo na taka za chakula cha nyama, maziwa na damu, juu chakula cha kuhamahama asilimia 70 mpaka 80 ni cha mifugo. Na watu wengi waliopimwa walikuwa wamekauka kwa vipimo vya hospitali lakini afya yao iko sawa.

---

MtuWaLodwar

Asante sana. Basi na sisi tuliokuja Nairobi?

---

BintiWaMaabara

Hapo ndo kuna maneno. Kazi nyingine ya hao hao, ya 2020, ilionyesha Waturkana waliohamia mjini wana presha, sukari na unene zaidi kuliko wale wanaoishi kimila. Sio ati kila mtu. Jaribu kupima presha tu mara moja moja, zahanati nyingi za mtaani haichukui muda.

---

Sharifu_SouthC

Assalam alaikum na habari kwa wote. Mimi nimefikiria Ramadhani. Tunakaa masaa kama kumi na tatu na kitu bila tone, mwezi mzima. Kwa maelezo ya dada, ina maana kila jioni hizo jeni zimeamka?

---

BintiWaMaabara

Waalaikum salaam. Kwa binadamu hatujafungua kichwa kama nilivyosema, lakini homoni inapanda mchana wa saumu na mkojo unakolea, hio ni kawaida, na mtu mzima mwenye afya figo zake zinaweza kukoleza mkojo mara nne ya damu hivi. Kwa hivyo seli za supraoptiki zinafanya kazi mchana, usiku unajaza. Mwenye sukari, mwenye figo mbaya, mjamzito, huyo aongee na daktari kabla, na dini yenyewe imempa ruhusa.

Kuna kitu kizuri hapa kuhusu futari. Ukinywa glasi ya kwanza kiu inakatika ndani ya dakika, sindio? Lakini maji hayajafika kwa damu bado, yanachukua dakika kumi na zaidi. 2016 watu wa San Francisco walirekodi seli za kiu kwa panya wakiwa wanakunywa laivu, wakaona seli zinanyamaza ndani ya dakika moja, damu ikiwa bado imekolea vile vile. Ubongo unahesabu mikupuo kutoka mdomoni na kukisia maji yatakayofika. Umeme wa seli unazimika haraka hivyo. Jeni haziendi na hio mwendo, RNA iliyokwisha nakiliwa iko pale na mkia wake mrefu, itashuka polepole kwa siku kadhaa huku akiba ikijazwa.

---

DaktariWaMifugo_Isiolo

Naingilia kidogo kama ndugu zangu mtaniruhusu. Mmesahau ngamia.

Ngamia anaweza kupoteza maji ya karibu robo ya uzito wake na bado anatembea, ng'ombe au mtu angekuwa amekufa zamani. Watu hufikiri ni nundu, nundu ni mafuta. Siri iko kwa figo, kwa joto la mwili ambalo anaacha lipande mchana badala ya kutoa jasho, kwa damu, na kwa kichwa. 2022 watafiti wa Bristol na wa Al Ain kule Falme za Kiarabu walitoa matokeo ya supraoptiki ya ngamia: wengine walinyimwa maji siku 20, wengine wakanyimwa kisha wakanyweshwa, wengine walikunywa kawaida. Walisoma RNA yote. Jeni nyingi zilibadilika kwa waliokauka, na walipolinganisha na panya kuna zingine zinafanana kabisa, ingawa panya na ngamia waliachana zamani sana. Mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa ya figo za ngamia hao, huko ilionekana seli zinapunguza kolesteroli kwa kuta zake na hio inasaidia kubakisha maji.

Nawaambia hivi juu nimeshika ngamia aliyetoka safari ndefu ya kiangazi. Ukivuta ngozi ya shingo inakaa imesimama, macho yameingia, mbavu zote unahesabu. Ukimfikisha kisimani anainamisha kichwa na hainui, unasikia maji yanapita kooni kama mfereji, zaidi ya lita mia kwa dakika chache. Binadamu akifanya hivyo chembe za damu zingepasuka. Chembe za ngamia ni za umbo la yai na zinavumilia kuvimba.

---

BintiWaMaabara

Daktari umenimaliza, hio ya chembe za damu nilitaka kuileta mimi.

---

Njeri_anakimbia

Sasa tuseme ukweli, hapa tunaongea kana kwamba kukosa maji ni sawa tu. Mimi nakimbia Karura na kocha wetu anasema ukisikia kiu umeshachelewa, ubongo umeshapoteza nguvu. Nani ako right?

---

BintiWaMaabara

Sijasema ni sawa sista, nimesema jeni kuwaka si uharibifu. Ni vitu tofauti. Ukiendelea kukauka madhara yapo: kichwa kinauma, umakini unapungua, na ukizidi kabisa ni hatari ya maisha.

Kwa kocha, namheshimu lakini hapana. Homoni inaanza kupanda mapema kabla kiu haijakuwa kali, hio ni kweli, lakini hio si kuchelewa, ni mfumo unafanya kazi mapema ili usichelewe. 2011 huko London walitoa vijana jasho mpaka wakapoteza kilo moja hivi ya maji, wakawaweka kwa mashine ya MRI. Mashimo ya maji ndani ya ubongo yalipanuka kidogo juu ubongo wenyewe ulisinyaa kiasi. Walipopewa mtihani wa kupanga mambo, alama zilikuwa zile zile, ila ubongo ulitumia nguvu zaidi kufika hapo. Mimi hio ndo naona ni jibu la haki: unaweza, lakini inakugharimu.

Na upande wa pili uko na maiti. Boston Marathon ya 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 wakimaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu (chumvi ya damu) ya chini, kisa kikubwa ni kunywa kupita kiasi njiani, na 3 walikuwa kwa kiwango cha kutishia maisha. Ukinywa maji mengi kuliko figo zinavyoweza kutoa, seli za ubongo zinavimba na fuvu halipanuki. Wale wa mbele wanaokimbia saa mbili na kidogo hawana hio shida, wanakunywa kidogo na wanapita. Ni wale wa kutembea na chupa kila kilomita.

---

Kevo_Umoja2

Na zile glasi 8 kwa siku?

---

BintiWaMaabara

Haha nilijua itakuja. Chanzo kinachotajwa sana ni ushauri wa bodi ya lishe Marekani, 1945, lita 2.5 kwa siku, LAKINI sentensi iliyofuata ilisema nyingi ya hizo ziko kwa chakula. Watu wakasoma ya kwanza wakafunga kitabu. Na aliyekaa chini 2002 akatafuta ushahidi wa glasi 8 akaukosa kwa mtu mwenye afya anaeishi mahali pa hali ya hewa ya kawaida ni Heinz Valtin, daktari wa figo. Huyo Valtin ndo alikuwa kwa wale wa kwanza kueleza panya wa Brattleboro niliowaambia. Amekaa na vasopresini maisha yake yote, kwa hivyo mimi namsikiliza yeye kuliko chupa iliyoandikwa masaa pembeni.

Ugali, supu, chai, matunda, yote yanahesabika. Hata chai, ndio. Pombe ndo inaenda kinyume, inazuia vasopresini isitoke, ndo maana mtu akikaa kwa keg anaenda choo kila saa na asubuhi mdomo ni kama jangwa la Chalbi.

---

Mzee_wa_Buruburu

Watoto wangu mnaongea vizuri. Nina miaka 71. Bibi yangu ananigombanisha ati sinywi maji na mimi kwa kweli sisikii kiu. Hii yenu ya ubongo inasemaje juu ya wazee?

---

BintiWaMaabara

Shikamoo mzee. Mama ako sahihi, pole. Kuna kazi ya 1984 ilichukua wanaume wazima wenye afya wa miaka yako na vijana, wote wakanyimwa maji masaa 24. Wazee damu ilikolea zaidi lakini kiu waliyosema wanahisi ilikuwa kidogo, na walipopewa maji walikunywa kidogo kuliko vijana. Vasopresini yao ilitoka vizuri tu. Kwa hivyo sehemu ya homoni inafanya kazi, inayopoa ni hamu ya kunywa, na figo nazo hazikolezi mkojo vile zilikuwa. Kwa mzee kiu si kipimo cha kutegemea. Kunywa na chakula na dawa zako hata kama husikii, na wakati wa joto ama ukiharisha ongeza. Kama unatumia dawa za presha za kukojoza ama una shida ya moyo, kiasi akupangie daktari wako.

Na kitu kimoja kwa wote wenye wazee nyumbani. Mtu akikauka kwa siku nyingi, seli zingine za ubongo, sio tu zile za vasopresini, zinawasha jeni za kuvuta ndani vitu kama inositoli na taurini ili zisisinyae. Zikishajaza hivyo vitu, ukimmiminia maji haraka haraka maji yanakimbilia ndani ya seli na ubongo unavimba, juu zile jeni hazizimiki kwa dakika na vile vitu havitoki mara moja. Ndo maana hospitali wanashusha sodiamu polepole kwa siku mbili tatu hata kama nyinyi mnalalamika dripu inaenda pole. Usiongeze kasi ya dripu mwenyewe. Nimeona jamaa wa mgonjwa akizungusha hio kitu kwa wodi nikashikwa na baridi.

---

Steji_ya_Roysambu

Binti swali la mwisho kabla nipate mteja. Hizo RNA mnazihesabu aje? Juu mimi nadhani ni kitu haionekani.

---

BintiWaMaabara

Haionekani boss. Mimi sifanyi ubongo, nafanya sampo za damu, lakini RNA ni RNA. Shida yake ni kwamba inaharibika upesi kuliko kitu chochote utashika maabarani. Vidole vyako viko na vimeng'enya vya kuivunja, mate pia, vumbi pia, kwa hivyo glavu unabadilisha kila ukigusa simu ama mlango, meza unapanguza na dawa yake. Ubongo wa panya ukitoka unagandishwa mara moja kwa barafu kavu, unakatwa vipande vyembamba ukiwa bado umeganda, halafu unatafuta chini ya darubini mpaka uone pale mishipa ya macho inapishana, unachukua sindano yenye tundu unatoboa kidogo tu pembeni, kitone kidogo kuliko punje ya mtama. Hicho kitone ndo supraoptiki. RNA inatolewa, inageuzwa kuwa DNA juu DNA ni ngumu kidogo haivunjiki ovyo, halafu mashine inasoma vipande mamilioni na kompyuta inapanga kila kipande ni cha jeni gani. Stima ikipotea na freza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haina jenereta, umepoteza miezi. Watu hulia laivu.

---

Kevo_Umoja2

Basi ya mwisho kabisa na mimi. Kama mtu ako na wasiwasi hio jeni yake ya vasopresini haifanyi kazi, anakojoa sana na sukari wamepima wakakosa, anapimwa nini kama kichwa hakifunguliwi?

---

BintiWaMaabara

Anapimwa kopeptini. Jeni ya vasopresini inatengeneza protini moja ndefu ambayo inakatwa vipande vitatu: vasopresini yenyewe, neurofisini inayoibeba, na kopeptini mkiani. Zinatoka pamoja, kwa kila vasopresini moja kuna kopeptini moja. Vasopresini kwa chupa ya damu inasumbua kupima, inaharibika, lakini kopeptini inakaa. Kwa hivyo daktari akitaka kujua kule juu kunaendaje anaangalia kopeptini, mara nyingi baada ya kukolezwa chumvi kidogo kwa dripu akiwa chini ya uangalizi, na pia kuna ile njia ya zamani ya kunyimwa maji wodini huku mkojo na uzito vinapimwa kila saa. Usijaribu hio ya kunyimwa nyumbani. Aende kwa daktari wa homoni, na akiandika ni lita ngapi anakunywa na anakojoa kwa siku, kwa jagi la kupimia, atakuwa amemrahisishia daktari nusu ya kazi.